Duka linalofika kwa lori: faida, hesabu na mitego ya maduka ya karakana Busia na Tororo

BUSIA – Duka linaweza kuingia mji huu wa mpakani asubuhi likiwa juu ya lori, na jioni likawa linauza mkate, maziwa na salio la simu. Halikuchimbiwa msingi mrefu, halikusubiri matofali yakauke, wala mwenye duka hakulazimika kumlinda fundi asiibe saruji. Lilitengenezwa kwingine, likabebwa, likateremshwa kwa kreni na kufungwa.

Huo ndio ujenzi wa nje ya kiwanja, ambao wajenzi huuita ujenzi wa moduli. Kwa mfanyabiashara wa Busia, Malaba au Tororo mjini anayetaka kufungua duka dogo la bidhaa za kila siku, njia hii inavutia. Hata hivyo, ina mitego yake: forodhani, kwa mwenye kiwanja, katika ofisi ya mipango ya mji na hata ndani ya duka lenyewe saa nane za mchana jua linapowaka. Makala haya yanaeleza jinsi ujenzi huu unavyofanya kazi, nani unamfaa, na mambo ya kukamilisha kabla ya kulipa malipo ya awali.

Si jambo geni

Wengi hudhani ujenzi wa aina hii ulikuja na kontena. Ukweli ni kwamba Afrika Mashariki inaufahamu tangu enzi za reli. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu Desemba 1901, nyuma yake zilikuwa zimesimama nyumba na maduka ya mabati na mbao, vifaa vilivyoletwa kwa meli na treni na kuunganishwa pale pale vilipoteremshwa. Wafanyabiashara wa Kihindi, akiwemo Allidina Visram aliyefungua maduka mengi kuifuata reli hiyo, walijua kwamba duka la kwanza kufunguliwa ndilo linaloshika wateja. Reli ilipopita Tororo na hatimaye kufika Kampala mwaka 1931, duka la mabati lilikuwa tayari sehemu ya kila kituo.

Kontena lenyewe lilikuja baadaye. Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean alisafirisha masanduku 58 ya alumini kwa meli iitwayo Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Baadaye vipimo vyake vikakubaliwa dunia nzima. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44, na kimo cha kawaida ni mita 2.59. Tupu lina uzito wa tani 2.2 hivi. Ndani, nafasi ya sakafu ni karibu mita za mraba 14, sawa na chumba cha duka cha kawaida katika mji wa mpakani.

Katika miaka ya karibuni kampuni kubwa nazo zimejaribu. Mwaka 2012 kampuni ya Solarkiosk ya Ujerumani ilisimamisha kibanda chake cha kwanza karibu na Ziwa Langano nchini Ethiopia. Kilikuwa duka la kuunganishwa kutokana na vipande vyepesi, lenye umeme wa jua kwa ajili ya friji, taa na kuchaji simu. Mwaka 2013 Coca-Cola ilitangaza mpango wa EKOCENTER, duka la kontena lenye umeme wa jua na maji safi, lililojaribiwa kwanza Heidelberg nchini Afrika Kusini. Lengo lilikuwa maduka 1,500 hadi 2,000 katika nchi 20 kufikia mwisho wa 2015. Idadi iliyofunguliwa ilibaki mbali na lengo hilo.

Somo la miradi hiyo ni moja. Sanduku ni sehemu rahisi ya kazi. Kupata mahali pazuri, mwendeshaji mwaminifu na bidhaa za kujaza rafu kila wiki ndiko kugumu.

Kwa nini mpakani hasa

Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Upande wa Kenya ni makao makuu ya Kaunti ya Busia. Upande wa Uganda ni makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kaskazini kidogo ipo Malaba, nayo ikiwa miji miwili yenye jina moja: upande wa Uganda uko ndani ya Wilaya ya Tororo, na upande wa Kenya uko ndani ya Kaunti ya Busia. Inasemekana hata neno boda boda lilizaliwa hapa, kutokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakipeleka abiria kutoka mpaka hadi mpaka.

Biashara ya mahali kama hapa ina tabia ya kuhama. Februari 24, 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako lori hukaguliwa mara moja tu, upande linakoelekea. Kwa msafirishaji hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mwenye kibanda aliyezoea kuwauzia madereva waliolala foleni siku mbili, wateja walipungua na njia wanayopita ikabadilika.

Mwaka 2020 ikawa kinyume. Upimaji wa madereva wakati wa janga la Covid-19 ulisababisha foleni ya malori ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba, na foleni zikarudi tena Januari 2022. Wateja walikuwa barabarani, mbali na maduka ya mjini.

Kuna pia bei ya sarafu. Mapema 2024 shilingi moja ya Kenya ilikuwa takriban shilingi 24 za Uganda. Miezi michache baadaye ilikuwa takriban 29. Badiliko kama hilo likitokea, mama wa nyumbani wa Busia hahitaji shahada ya uchumi kujua ni upande upi wa mpaka anunue sukari, sabuni na mafuta ya kupikia.

Na bado reli inakuja. Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki ya Yapı Merkezi wa kujenga kilomita 272 za reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Popote reli, barabara au soko jipya linapopangwa, vibanda vya kando ya njia huwa vya kwanza kuambiwa vihame.

Mtu aliyejenga kwa tofali hubomolewa. Aliyeweka duka la moduli, kama alijipanga vizuri, huita lori. Katika mji ambao wateja na mipango ya serikali huhama, uwezo wa kuhama ni mali, na mali hiyo ina bei.

Aina tatu za duka la karakana

Ya kwanza ni kontena lililotumika, ambalo mafundi wa kuchomelea hulikata madirisha, mlango wa shata na kaunta. Hii ndiyo inayoonekana zaidi katika miji yetu. Faida yake ni uimara dhidi ya wezi na kwamba mafundi wa jua kali wanaimudu.

Ya pili ni moduli mpya, fremu ya chuma yenye kuta za paneli zilizojazwa kihami joto. Hufika ikiwa na nyaya, taa, rafu na pengine sinki. Ni nyepesi zaidi na haina joto kali kama la kontena, lakini kuta zake ni rahisi zaidi kuvunjwa.

Ya tatu ni duka la vipande. Fremu, paneli na paa husafirishwa vikiwa vimelazwa, kisha huunganishwa kiwanjani kwa boliti kwa siku moja au mbili.

Tofauti kati ya aina hizi ni suala la usafiri. Lori linalobeba duka zima kwa kiasi kikubwa limebeba hewa. Kwa kawaida maduka manne ya vipande huingia katika nafasi ya duka moja lililokamilika. Kwa hiyo duka linalotoka mbali, tuseme Mombasa, zaidi ya kilomita 900 kutoka Malaba, ni afadhali lije kwa vipande. Linalotoka karibu linaweza kuja zima.

Hapa ndipo Tororo ina nafasi yake. Ni mji wa viwanda uliozoea kazi ya saruji tangu miaka ya 1950, uko kwenye reli na barabara kuu, na kutoka hapo hadi Malaba ni kilomita kama 15 tu. Karakana iliyoko Tororo inaweza kupeleka duka zima Malaba au Busia kwa safari moja fupi, na fundi akarudi siku inayofuata kurekebisha mlango usiofunga. Karakana ya mbali haiwezi kutoa huduma hiyo kwa bei hiyo.

Tahadhari moja: mzigo wenye upana wa kontena husafiri kama shehena ya kawaida. Ukitaka duka pana kuliko vipimo vinavyoruhusiwa barabarani, utahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida, ambacho kwa barabara kuu za Kenya hutolewa na KeNHA. Wengi huepuka hilo kwa kuagiza moduli mbili nyembamba na kuziunganisha ubavu kwa ubavu kiwanjani.

Hesabu ya pesa na muda

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei mbili tu: ya jengo la tofali na ya duka la karakana. Hesabu sahihi inaingiza muda, riba na kitakachobaki mkononi mwisho wa mkataba. Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu, si bei za soko. Msomaji aweke zake.

Tuseme vibali viko mkononi. Jengo la tofali linagharimu KSh 900,000 na kuchukua miezi 5. Duka la moduli linagharimu KSh 1,000,000 na kuchukua wiki 6, yaani mwezi mmoja na nusu. Duka likifunguliwa linaleta faida ya KSh 50,000 kwa mwezi. Riba ni asilimia 15 kwa mwaka.

Moduli inafunguliwa miezi 3.5 mapema. Hiyo ni faida ya KSh 175,000.

Riba nayo ina tofauti. Kwa tofali, fedha hutoka kidogo kidogo, hivyo kwa wastani nusu yake, KSh 450,000, imefungwa kwa miezi 5. Riba yake ni KSh 28,125. Kwa moduli, malipo ya awali ya nusu, KSh 500,000, yamefungwa kwa mwezi mmoja na nusu. Riba yake ni KSh 9,375. Akiba ni KSh 18,750.

Jumla ni KSh 193,750. Tukiondoa KSh 100,000 ambazo moduli imezidi bei, inabaki KSh 93,750 upande wa moduli.

Sasa tazama jinsi hesabu hiyo ilivyo dhaifu. Tuseme duka lilifika kwa wakati lakini mita ya umeme ikafungwa miezi miwili baadaye, na bila friji biashara haianzi. Miezi miwili ni KSh 100,000. Faida yote imekwisha. Yule wa tofali hakupata hasara hiyo, kwa kuwa umeme wake ulikuwa unashughulikiwa wakati kuta zikipanda. Kasi ya duka lako ni kasi ya kile kinachochelewa kuliko vyote. Kwa hiyo siku unayoagiza duka ndiyo siku ya kupeleka maombi ya umeme: Kenya Power kwa upande wa Kenya, na kwa upande wa Uganda kampuni ya serikali ya UEDCL, iliyochukua kazi ya usambazaji baada ya mkataba wa Umeme kumalizika Machi 31, 2025. Habari njema ni kwamba umeme wa nchi zote mbili ni wa volti 240 na plagi ni za aina moja ya miguu mitatu, hivyo nyaya na friji hazibadilishwi duka likivuka mpaka.

Nani basi inamfaa? Aliyepanga kiwanja kwa miaka mitano, inamfaa sana. Mkataba ukiisha, jengo la tofali linabaki kwa mwenye kiwanja. Moduli ikiuzwa kwa asilimia 40 ya bei yake, baada ya kutoa KSh 50,000 za usafiri, inarudisha KSh 350,000.

Mwenye ardhi yake mwenyewe afikirie mara mbili. Chuma kinahitaji rangi na ukarabati. Ikiwa matengenezo yanazidi ya tofali kwa KSh 30,000 kila mwaka, zile KSh 93,750 za mwanzo zitakwisha katika miaka mitatu hivi, na baada ya hapo tofali linaongoza. Isitoshe, benki hupenda rehani ya ardhi yenye jengo la kudumu kuliko sanduku linaloweza kuondoka usiku.

Kuvuka mpaka na duka

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kutimiza kanuni za chimbuko huvuka bila ushuru wa forodha. Huo ndio msingi wa Umoja wa Forodha ulioanza Januari 1, 2005. Zisizotimiza hulipa Ushuru wa Pamoja wa Nje, ambao tangu Julai 1, 2022 una viwango vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35.

Wachuuzi wa Busia wanaufahamu utaratibu rahisi wa biashara, ule wa cheti kifupi cha chimbuko kinachojazwa pale pale mpakani. Lakini una kikomo cha dola 2,000 za Marekani kwa shehena, takriban KSh 258,000 kwa kiwango cha 129 kwa dola. Duka karibu lolote la moduli linazidi hapo. Linahitaji cheti kamili cha chimbuko, kinachotolewa na mamlaka ya mapato ya nchi linakotoka, KRA au URA, pamoja na wakala wa forodha.

Wapo watakaokushauri ulikate duka vipande na kuvivusha kidogo kidogo ili kila safari iwe chini ya dola 2,000. Usikubali. Kutoa maelezo ya uongo kuhusu thamani au aina ya shehena ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na mzigo unaweza kukamatwa. Mwenye duka atajikuta na kuta upande mmoja wa mpaka na paa upande wa pili.

Jambo la pili ni namba ya ushuru. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, majengo yaliyotengenezwa kabla yako kifungu 94.06, na maelezo ya sura hiyo yanataja maduka waziwazi. Toleo la 2022 liliongeza kijifungu kipya, 9406.20, kwa ajili ya moduli za ujenzi za chuma. Hizi kwa kawaida zina ukubwa na umbo la kontena, lakini ndani ziwe zimekamilishwa kwa kiasi kikubwa. Kontena tupu la kusafirishia liko kwingine, 86.09. Kwa hiyo kontena lililotobolewa dirisha moja na kupakwa rangi si lazima likubalike kuwa jengo. Ambaye hana hakika aombe uamuzi wa maandishi wa forodha kabla ya kuagiza, si lori likiwa tayari limeegeshwa Malaba.

Jambo la tatu ni historia ya kontena lenyewe. Makontena huingia nchini kwa muda tu, yakiwa mali ya kampuni za meli, na hutakiwa kutoka tena. Likitaka kubaki na kugeuzwa duka, lazima liingizwe rasmi na kodi zake zilipwe. Kontena la bei ya kutupa lisilo na hati za forodha ni deni la mtu mwingine unalolinunua. Muuzaji halali ana risiti, namba ya kontena inayolingana na iliyoandikwa mlangoni, na hati ya kuonyesha ushuru umelipwa.

Hata hati zikiwa safi, kuna swali la chimbuko. Kontena lililotengenezwa China na kugeuzwa duka Nairobi au Tororo, je, ni bidhaa ya Afrika Mashariki? Jibu linategemea kazi iliyofanywa juu yake na kanuni za chimbuko za Jumuiya za mwaka 2015. Kupaka rangi peke yake hakutoshi. Moduli iliyojengwa upya kuanzia fremu ina hoja yenye nguvu zaidi.

Usisahau VAT, ambayo hailipwi kwa misingi ya chimbuko. Duka likiingia Kenya huandamana na VAT ya asilimia 16. Likiingia Uganda, asilimia 18. Bei ya karakana ya ng'ambo ilinganishwe na ya nyumbani baada ya kodi hiyo kuongezwa.

Mwisho, mafundi. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Lakini ruhusa ya kuvuka si ruhusa ya kufanya kazi. Mkataba useme ni nani anayesimamisha duka na vibali vya mafundi ni jukumu la nani.

Mji na mwenye kiwanja

Dhana kwamba duka lisilo na msingi halihitaji kibali imewagharimu wengi. Upande wa Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya ujenzi kutoka kwa kaunti, na kanuni mpya za ujenzi za taifa, zilizochukua nafasi ya zile za 1968, zilianza kutumika Machi 2025. Upande wa Uganda, Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inaipa kazi hiyo kamati ya majengo ya mamlaka ya eneo. Anza katika ofisi ya mipango, ukiwa na mchoro wa duka na ramani ya kiwanja, na uulize wazi kama mahali hapo ni hifadhi ya barabara. Leseni ya biashara na ukaguzi wa afisa wa afya ya umma huja juu ya hayo. Risiti ya ada ya kila siku ya soko si kibali cha kusimamisha jengo.

Kuhusu mwenye kiwanja, sheria zetu za ardhi zilirithi kanuni ya Kiingereza kwamba kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Kadiri duka linavyofungwa kwa zege, ndivyo mwenye kiwanja anavyopata nguvu ya kudai ni lake. Mkataba wa upangaji uandike kwamba duka ni mali ya mpangaji, kwamba anaweza kuliondoa, na ana siku ngapi za kufanya hivyo mkataba ukiisha. Uandike pia njia ya lori. Jirani akijenga ukuta mbele, duka lako linalohamishika halihamishiki tena.

Joto, radi na sakafu

Chuma kisicho na kihami joto kikiachwa kwenye jua la Busia hugeuka tanuri. Chokoleti huyeyuka, mkate hupata ukungu haraka na friji hufanya kazi bila kupumzika, bili ikipanda. Dawa ya bei nafuu ni paa la pili la mabati lililoinuliwa juu ya kontena ili hewa ipite katikati, rangi nyeupe, na matundu ya hewa chini na juu. Paa hilo hutoa pia baraza, na baraza huleta wateja wakati wa mvua.

Eneo la Ziwa Victoria lina radi nyingi. Duka la chuma lazima liwe na waya wa ardhini uliofungwa na fundi umeme mwenye leseni. Bila huo, hitilafu moja ya friji inaweza kutia umeme ukuta mzima, na mteja akigusa kaunta ni hatari.

Kuta za kontena ni sehemu ya nguvu yake. Fundi akikata dirisha kubwa bila kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka tundu, paa litalegea na shata haitafunga. Uzito wote hushuka kupitia kona nne. Duka la tani 4 lenye bidhaa za tani 4 huweka tani 2 kwenye kila kona, hivyo vitako vinne imara vya zege vilivyo sawa kwa timazi vinatosha mara nyingi, iwapo udongo ni mzuri. Vikipishana hata kidogo, mlango utakwama.

Kwa anayeuza chakula, sakafu ni muhimu. Mbao za sakafu ya kontena hutiwa dawa ya kuua wadudu, na kibao cha usalama kilichopigwa mlangoni huonyesha kama zimetiwa. Ifunike sakafu au uing'oe. Kataa kontena lenye harufu ya kemikali, hata likiwa la bei rahisi.

Hatimaye, mlango wa pili. Sanduku la chuma lenye mlango mmoja unaofungwa kwa nje ni mtego moto ukizuka, hasa pale mhudumu anapolala ndani kulinda bidhaa.

Kabla ya kulipa malipo ya awali

Mfanyabiashara ajiulize maswali haya, na asilipe mpaka awe na jibu la maandishi kwa kila moja:

1. Ofisi ya mipango imekubali duka mahali hapo, na si hifadhi ya barabara wala njia ya reli?
2. Mkataba wa kiwanja unasema duka ni langu na naweza kuliondoa?
3. Maombi ya umeme yamepelekwa, na yatachukua muda gani?
4. Kontena lina hati za ushuru, na namba yake inalingana?
5. Kama duka linavuka mpaka, nani anatoa cheti cha chimbuko, na namba yake ya ushuru ni ipi?
6. Bei inajumuisha usafiri, kreni, paa la pili na waya wa ardhini?
7. Lori la kreni linaweza kufika bila kugusa nyaya za umeme?
8. Malipo ya mwisho yatatolewa baada ya mlango kufungwa na kufunguliwa kiwanjani, si karakanani?

Maswali manne ya kwanza yakijibiwa "ndiyo", duka la karakana ni mojawapo ya njia za haraka za kugeuza akiba kuwa biashara katika miji hii. Moja likijibiwa "bado", kinachofika kwa lori asubuhi kinaweza kuondoka kwa lori la askari wa mji jioni, na malipo yako ya awali yakaenda nalo.